Mama mdogo yumo kwenye orodha ya mapedeshee wa gemu letu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Kinondoni na nafanya kazi Kijitonyama kwenye kampuni changa inayotengeneza magemu ya simu. Naomba jina langu usilitaje, na la kampuni mimi silitaji. Tupo watu kumi na wanne, vyumba vitatu na jenereta moja linalokohoa.

Gemu letu ni la mapishi. Unaanza na meza moja na jiko la mkaa kama mama ntilie yeyote, unapika maandazi, baadaye wali maharage, mpaka unafika kwenye biriani na mgahawa wenye feni. Kulipakua ni bure, kulicheza ni bure. Ila kila chungu kina muda wake: maandazi dakika tano, biriani saa nane. Usiporudi kwa wakati chakula kinaungua, moshi unatanda kwenye kioo cha simu. Ukitaka kisiungue, au kiive sasa hivi, unatoa rubi. Rubi chache unazipata kwa kucheza, nyingi unanunua kwa pesa ya simu. Unaingiza namba ya siri, kwisha. Kuni unaweza kuomba kwa marafiki, na kila ukimleta rafiki mpya unapewa rubi 10.

Kazi yangu ni takwimu. Kila asubuhi naandika namba tatu kwenye ubao: kati ya watu mia waliopakua gemu, wangapi wamerudi kesho yake, wangapi baada ya wiki, wangapi baada ya mwezi. Bosi akiingia anaangalia ubao kabla hajasalimia mtu. Leo ilikuwa 38, 13 na 5. Kuna namba ya nne ambayo siiandiki ubaoni, namtumia yeye tu: walionunua. Katika kila wachezaji mia, tisini na saba hawajawahi kutoa hata shilingi. Hao tunawaonyesha matangazo, yanaleta hela ya umeme. Mshahara wangu unatoka kwa watatu waliobaki, na ndani ya hao watatu kuna wachache sana wanaonunua karibu kila siku. Ofisini tunawaita mapedeshee. Mwezi uliopita walikuwa 62, na walileta zaidi ya nusu ya mapato yetu yote.

Ofa yetu ya rubi ya usiku, tunayoiita Kapu la Usiku, nimeipanga mimi. Tulifanya jaribio: nusu ya wachezaji tukawatumia ofa saa mbili usiku, nusu saa nne. Ya saa nne iliuza karibu mara mbili. Mtu ameshalaza watoto, amechoka, chungu kinakaribia kuungua, na kapu linamwambia zimebaki dakika 15. Nilipongezwa mbele ya wenzangu, tukaagiziwa chipsi kuku.

Sasa Shangazi, mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Aliyenichukua ni mama mdogo, anayemfuata kuzaliwa. Ana kibanda cha vitenge sokoni Tandika, na ada yangu ya chuo ilitoka humo, doti kwa doti. Mume wake naye alifariki mwaka juzi. Gemu nilimwekea mimi mwenyewe. Mwanzoni bosi aliagiza kila mfanyakazi alete watu ishirini, mimi nilikuwa na kumi na tisa. Jumapili moja, mama mdogo akichambua mchele, nikachukua simu yake, nikapakua, nikamwonyesha namna ya kubandika maandazi. Tulicheka sana siku ile. Baadaye akawaalika wenzake wa kikoba, kumi na mmoja, wakaunda kundi lao. Wanashindana na makundi ya mitaa mingine.

Wiki mbili zilizopita bosi akanipa kazi mpya. Anataka kila pedeshee awe na mtu wake hapa ofisini wa kumjulia hali kwa WhatsApp, kumtakia heri ya sikukuu na kumnong'oneza ofa kabla hazijatoka. Nikaitoa orodha ya namba. Ya tisa kutoka juu naijua kwa kichwa tangu nikiwa shule.

Shilingi 2,340,000, kuanzia Februari hadi mwisho wa Mei. Nikafungua miamala yake, mmoja baada ya mwingine. Usiku mmoja wa Machi alinunua kapu la 5,000 saa tano na dakika kumi, la 10,000 saa tano na dakika ishirini na tano, la 20,000 saa sita kasoro dakika kumi. Ulikuwa usiku wa fainali ya mitaa. Kundi lao lilikuwa la pili.

Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba. Siku hizi michango inapitia kwenye simu yake kabla ya kwenda benki. Biashara ya vitenge naijua ilivyo, sioni inatoaje hela hiyo. Silali.

Kuna jambo nimelifanya, sijamwambia mtu. Niliingia kwenye mfumo nikaitoa namba yake kwenye Kapu la Usiku. Wiki haikuisha akanipigia: "Mwanangu, mbona mimi siletewi kapu? Wenzangu wote wanaletewa. Hebu waulize hao wa ofisini kwenu, au simu yangu mbovu?" Nikasema nitaangalia. Kesho yake nikamrudisha.

Tarehe 30 natakiwa niwe nimeshawagawa mapedeshee kwa watu wa kuwahudumia. Wawekezaji wanakuja Julai, na bosi ametuahidi sisi tulioanza naye kwamba mambo yakikubali tutapata hisa. Nikimwambia mama mdogo ninachokijua, nimetoa siri ya kazi na nimemvunjia heshima aliyenilea. Nikinyamaza, namla. Nikiacha kazi, mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuoni na ada nalipa mimi. Naona yeye ni mraibu, na muuzaji ni mimi. Nifanyeje?

Mtoto wa Tandika

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole kwa usingizi uliokupotea.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Hiyo 2,340,000 ukiigawa kwa miezi minne inakuja karibu 19,500 kwa siku. Kwa kibanda cha vitenge hiyo si hela ya kuchezea, na sitakuambia kwamba una wasiwasi wa bure. Ila naona umesokota mambo mawili yakawa kamba moja: deni lako kwa mama aliyekulea, na swali la kama kazi unayoifanya moyo wako unairidhia. Unayavuta yote kwa mpigo, ndiyo maana fundo linazidi kukaza. Tuanze na la mama.

Umemwita mraibu. Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa magemu kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, na orodha hiyo ikaanza kutumika 2022. Wanachokiangalia si kiasi cha hela. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu limetangulia mbele ya kazi, kula na ndugu, kama anaendelea hata akiona linamharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Wewe una miamala ya miezi minne. Je, kibanda anafungua saa ngapi siku hizi? Akikupigia, anaongea mengine au ni gemu tu? Amepungua? Kwenye barua hayo hayamo, na mashine yenu haiwezi kukuambia.

Halafu kuna kitu kilinijia nikiwa jikoni. Mweka hazina ni mweka hazina popote anapokaa. Je, kama wale wenzake kumi na mmoja wanachanga, buku buku, na yeye ndiye anayelipa kwa simu yake kwa niaba ya kundi? Kwenye orodha yenu itaonekana namba moja tu. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hukuuliza. Na ikiwa ndivyo, basi pedeshee wenu wa tisa ni wanawake kumi na wawili wa Tandika, jambo ambalo halifanyi mzigo kuwa mwepesi, ila linaubadilisha umbo.

La kikoba nakusihi ulishike kwa mikono miwili. Vikoba ninavyovijua mimi vina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hela huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Kikoba chenu kimehamia kwenye simu, sawa, na hapo kishawishi kipo. Lakini daftari lipo, na benki inatoa taarifa. Hujaona hata kimoja. Neno "kala hela za kikoba" likishatoka mdomoni mwa mtoto wa nyumbani, hata kama si kweli, halirudi. Sokoni Tandika litafika kabla yako.

Na hilo jina lenu la pedeshee limenichekesha kidogo, nisamehe. Pedeshee wa mjini humwaga hela ukumbini taa zikiwa zimewaka, aonekane na jina lake liimbwe. Mama yako mdogo ananunua kitandani saa tano usiku, nyumba kimya, mume hayupo. Huko ng'ambo kwenye biashara hii wanawaita nyangumi, neno walilolichukua kwenye kasino. Jina lolote kati ya hayo mawili linamsaidia mtu wa ofisini asiulize kwa nini huyu bado yuko macho.

Sasa tuje kwa "muuzaji ni mimi". Umejibebesha mzigo ambao si wako wote. Hicho chungu kinachoungua kina babu yake. Mwaka 2007 huko San Francisco, Mark Pincus na wenzake walianzisha kampuni ya Zynga. Juni 2009 wakatoa FarmVille ndani ya Facebook: unapanda, unaondoka, usiporudi kwa wakati mazao yananyauka. Mwanzoni mwa 2010 lilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Hawakufika huko kwa mabango ya barabarani. Gemu lilimfanya kila mchezaji aombe msaada wa jirani, atume zawadi, atangaze ukutani kwake kwamba amemwokota mnyama aliyepotea. Kila ombi lilikuwa tangazo la bure lililobebwa na mtu unayemwamini. Ile Jumapili ya mchele, ulipochukua simu ya mama mdogo, ulikuwa unafanya kilekile, na yeye akawafanyia wenzake kumi na mmoja. Hakuna aliyedanganya mtu. Ndiyo maana inafanya kazi vizuri hivyo.

Mwaka huohuo wa 2010 Facebook ikayapunguza yale matangazo ya magemu kwa sababu watu walikuwa wamechoshwa nayo. Bomba la bure likaanza kufungwa, na wenye magemu wakazidi kununua wachezaji kwa matangazo ya kulipia. Hapo ndipo hesabu inapobana, na wewe wa takwimu unaijua kuliko mimi: kumleta mtu kunagharimu, kwa hiyo kwa wastani kila anayeingia lazima arudishe zaidi ya alichogharimu. Lakini wengi hawatoi kitu. Basi wachache lazima watoe kwa ajili ya wote. Kampuni ya King, wenye gemu la Candy Crush Saga la mwaka 2012, wanakupa roho tano za kuchezea; moja ikiisha unasubiri nusu saa irudi, au unaomba kwa rafiki, au unalipa. Walipoingia soko la hisa 2014, waliokuwa wakilipa walikuwa kama 4 katika kila wachezaji 100. Watatu wenu na wanne wao si mbali. Wewe hukubuni mashine hii. Umekabidhiwa mpini wake mmoja.

Nisiwe mnafiki hapa. Mwaka jana nikiwa kwenye foleni ya benki nililipa 4,000 kwenye gemu la karata kwa sababu binti mmoja nisiyemjua alikuwa ananipita, na mpaka leo mume wangu hajui. Nilifurahi. Watu hutoa zaidi ya hapo kwenye taarabu na hakuna anayewaandikia washauri. Na wale tisini na saba wenu wanacheza bure kwenye daladala kwa mgongo wa hao watatu, wengine hiyo ndiyo burudani yao pekee ya siku. Kwa hiyo sitasema kila shilingi iliyoingia kwenye rubi ni shilingi ya dhuluma.

Panaponikwaza ni pale saa nne usiku. Mnajua amechoka, mlipima, mkachagua saa hiyo kwa sababu amechoka. Yeye hajui kama alipimwa. Nchi nyingine zimeanza kuchora mstari mahali fulani karibu na hapo. Januari 2014 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Apple irudishe si chini ya dola milioni 32.5 kwa sababu watoto walinunua vitu ndani ya magemu bila wazazi kuridhia. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kurudisha dola milioni 245 kwa madai kwamba mpangilio wa vitufe vyao uliwaingiza wachezaji kwenye manunuzi wasiyoyakusudia. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema yale masanduku ya bahati ndani ya magemu, unayolipia bila kujua utapata nini, ni kamari. Kesi ya mama yako haifanani na hizo moja kwa moja: hakubonyeza kwa bahati mbaya, aliingiza namba ya siri mara tatu usiku mmoja. Ndiyo sababu jambo lenu ni gumu zaidi, maana hakuna kidole cha kunyooshea.

Hapa kwetu sheria inayokugusa wewe kwa karibu ni ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mimi si mwanasheria, lakini mtu aliyetoa namba yake alipie biriani ya kwenye simu sidhani kama alikubali kupata rafiki wa WhatsApp aliyeajiriwa kumfanya anunue zaidi. Swali hilo bosi wako anapaswa kulijibu kabla ya tarehe 30, na wawekezaji wakiwa makini watamuuliza. Na mwanangu, linakuhusu na wewe. Kuitoa orodha ilikuwa kazi yako. Kuifungua miamala ya mtu mmoja usiku kwa usiku kwa sababu ni mama yako, hapo kazi ilikuwa imeshakwisha. Sikulaumu, na mimi ningefungua. Ila ujue umebeba kitu ambacho huwezi kukiweka mezani mbele yake bila yeye kukuuliza ulikipataje.

Njia ulizonazo nazitazama hivi.

Ya kumtoa kwenye mfumo kimyakimya umeshaijaribu, na majibu ulipewa kwa simu. Kwake kapu halikuwa ofa tu, lilikuwa dalili kwamba naye yumo pamoja na wenzake. Ukirudia, na mfumo ukaonyesha ni mkono wa nani, utapoteza kazi na bado hutakuwa umemsaidia.

Ya kuongea naye: unaweza kuanza na siri yako badala ya yake. "Mama, lile kapu la saa nne nimelipanga mimi, na saa nne tuliichagua kwa sababu hii." Namna magemu haya yanavyofanya kazi imeshaandikwa sana duniani, ya kwenu ya ndani, tarakimu na mipango, yaache ofisini. Mwache yeye ndiye ataje kiasi, kama atataka. Hatari ipo. Atakutazama akuulize, "Kwani unaona ninachonunua?" Swali hilo litakuja, usiende bila jibu lake, na usimwongopee, kwa sababu akija kugundua baadaye hatakuamini tena hata ukimwambia kumekucha. Hatari nyingine ni aibu. Mwanamke aliyekusomesha kwa doti za vitenge, kuambiwa na mtoto kwamba hajui kutumia hela, anaweza kukunyamazia miezi.

Labda kabla ya maneno yoyote, nenda Jumamosi ukalale kwake. Chezeni pamoja. Kaa naye saa tano usiku uone kinachotokea usoni mwake kundi likipanda, uone anacheka na nani, anamtumia nani sauti. Mumewe hayupo, na saa hizo za usiku zina urefu wake. Inawezekana anachokinunua ni wale kumi na mmoja kuwa macho pamoja naye, na rubi ni nauli tu. Ikiwa ndivyo, ukimnyang'anya gemu bila kumpa kitu cha kujaza saa hizo, utakuwa umemwondolea zaidi ya matumizi. Na inawezekana pia utaona mikono inatetemeka na vitenge vimepungua kibandani, na hapo utakuwa unajua kitu ambacho leo hukijui, na mazungumzo yatakuwa mengine kabisa, pengine na mtaalamu wa afya ya akili akihusishwa.

Kwa bosi kuna mlango mwembamba na mlango mpana. Mwembamba ni kusema, "Kuna ndugu yangu kwenye orodha, naomba nisiishike kazi hii." Usishangae akikujibu, "Vizuri sana, basi mhudumie wewe mwenyewe." Watu wa biashara wengine ndivyo walivyo. Amua mapema utasema nini akisema hivyo. Mlango mpana ni kumzungumzia kwa lugha ya ubao wake. Nusu ya mapato kutoka kwa watu 62 ni nyumba iliyosimama kwa nguzo chache. Zynga walipoingia soko la hisa Desemba 2011, hisa moja ilikuwa dola 10. Kabla mwaka haujazunguka ilikuwa chini ya dola 3. Sababu zilikuwa nyingi, lakini karatasi zao wenyewe zilikuwa zimeshawaeleza wawekezaji kwamba wanaolipa ni sehemu ndogo ya wachezaji na kwamba karibu biashara yote imeegemea Facebook. Shamba lenyewe, FarmVille ile ya kwanza, lilifungwa Desemba 31, 2020.

Wewe unajua kufanya majaribio. Ulijaribu saa mbili na saa nne. Unaweza kupendekeza jaribio jingine: nusu ya wachezaji wajiwekee wenyewe kikomo cha matumizi kwa wiki, au kapu lisitumwe baada ya saa tatu, kisha mpime nani bado yupo baada ya miezi mitatu, si baada ya usiku mmoja. Huenda namba zikakutetea. Huenda zisikutetee, mapato yakashuka kuelekea Julai na ukaonekana ndiye uliyeharibu hisa za wenzako kumi na watatu. Sijui bosi wako ni mtu wa aina gani, wewe unamjua. Kuna anayesikia, kuna anayecheka.

Kuacha kazi sitakuambia uache wala usiache. Ada ya mdogo wako ni kitu halisi, haina uhusiano na hisa za kuahidiwa. Ukiondoka, heri ya sikukuu mama mdogo ataitumiwa na mtu mwingine asiyemjua. Hoja hiyo ina ukweli, ila iangalie vizuri, kwa sababu kila anayebaki mahali panapomsumbua huishika hiyohiyo, na wengine wameishika mpaka wakastaafu. Kama utatafuta kwingine, tafuta ukiwa bado una mshahara, na anza sasa.

Jambo moja limenikaa. Namba ya tisa uliitambua, usingizi ukakuruka. Nane zilizo juu yake na hamsini na tatu zilizo chini yake hukuzitambua, ukalala. Nakutajia kwa sababu chochote utakachoomba ofisini, ni vyema ujue kama unaomba kwa ajili ya mmoja au kwa ajili ya 62. Ukiomba kwa ajili ya mmoja tu, si dhambi, ni mama yako. Ila ni maombi mawili tofauti, na hatari zake si sawa.

Niandikie tena baada ya Jumamosi, hata kama ni mistari miwili. Na ukifika kwake, kabla hujasema lolote la kapu, muulize kundi lao linaitwaje na nani alilipatia jina hilo. Katika barua yote hukunitajia, na nadhani hujawahi kumuuliza.

Shangazi